Vibanio Viwili Kichwani: Jinsi Anime za Roboti Zinavyoiunganisha Akili ya Rubani na Mashine Yake

Katika sehemu ya kwanza ya Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa anime (katuni za Kijapani) ulioongozwa na Hideaki Anno na kuanza kurushwa nchini Japani tarehe 4 Oktoba 1995, kijana Shinji Ikari mwenye umri wa miaka 14 anaingizwa ndani ya mashine kubwa ambayo hajawahi kuiona, akiwa bado amevaa nguo zake za shule. Hana mafunzo, hana vazi la urubani, wala hakuna aliyemwonyesha kitufe hata kimoja. Anachovalishwa ni vibanio viwili vyeupe vinavyokaa juu ya nywele, kimoja kila upande wa kichwa. Kisha mafundi walioko katika chumba cha uongozi wanaanza kusomeana taarifa kwa haraka: neva ya A10 imeunganishwa bila hitilafu, fikra zimewekwa kwa msingi wa lugha ya Kijapani, njia ya mawasiliano ya pande mbili imefunguliwa, kiwango cha ulinganifu ni asilimia 41.3.

Maneno hayo hupita kwa kasi kiasi kwamba mtazamaji huyachukua kuwa mapambo ya kisayansi, na kwa sehemu fulani ndivyo yalivyo. Hata hivyo, mwenye kuyasikiliza kwa makini atagundua kwamba kifaa cha kichwani, ambacho anime nyingi za roboti hukichukulia kama kitu kimoja, kinafanya kazi tatu zisizofanana. Kinasoma nia ya rubani na kuipeleka kwenye mashine. Kinamrudishia rubani hali ya mashine, yaani mguso wake, uzito wake na maumivu yake. Na kinapima jinsi wawili hao wanavyochukuana. Mabishano mengi ya wapenzi wa anime, kuhusu kwa nini rubani fulani alishindwa kuiamsha mashine au kwa nini mwingine alilia kwa maumivu ilhali ngozi yake haikuguswa, hutokana na kuzichanganya kazi hizo tatu. Zikishatenganishwa, huonekana jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mada yote: kifaa hiki hakijui kutofautisha amri na mawazo mengine yaliyomo kichwani, na karibu kila mkasa wa marubani hawa unaanzia hapo.

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba roboti hizi hazikuanza na kofia. Katika Tetsujin 28-go ya Mitsuteru Yokoyama, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1956, mtoto mpelelezi anaiongoza roboti kubwa kwa kisanduku cha rimoti, na yeyote anayekiiba kisanduku hicho anakuwa bwana wa roboti. Mwaka 1972 Go Nagai alileta Mazinger Z, ambamo rubani anaketi ndani ya chombo kidogo kinachotua juu ya kichwa cha roboti, akiiendesha kwa vishikio na pedali. Hatua hiyo ilimweka mtu ndani ya mashine, lakini ilizua swali ambalo waandishi wa baadaye hawakuweza kulikwepa: mkono wa binadamu una bega, kiwiko, kifundo na vidole vitano, na kila kiungo hujongea kwa namna yake, vishikio viwili vitawezaje kuongoza viungo vyote hivyo, tena katikati ya mapigano? Baadhi ya anime zilijibu kwamba kompyuta ya ndani hujaza kile ambacho rubani hawezi kukiamuru. Nyingine, kama Mobile Fighter G Gundam ya mwaka 1994, zilimvika mpiganaji vazi la kubana linalonakili kila mjongeo wa mwili wake, na kipigo kinachoipata mashine kikamuuma yeye. Jibu la tatu lilikuwa kuuruka mwili wote na kwenda moja kwa moja kichwani.

Gundam ya kwanza, anime iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino na kurushwa kuanzia Aprili 1979, ilifika kwenye jibu hilo la tatu kwa sababu ya kivita. Katika ulimwengu wake, chembe zinazoitwa za Minovsky huvuruga rada na mawasiliano ya redio, hivyo silaha haiwezi kuongozwa kutoka mbali kwa njia za kawaida. Watu wachache wenye vipaji vya kiakili, wanaoitwa Newtype, wanaweza kuzirusha silaha ndogo zinazoelea na kuzielekeza kwa fikra zao kupitia mfumo uitwao saikomyu, ambao chembe hizo haziuzuii. Huo ni ufundi mzuri wa kihadithi, kwani nguvu ya akili haikuingizwa kwa ajili ya ajabu yake bali ili kuziba pengo ambalo hadithi yenyewe ilikwisha kulichimba. Jambo la kuzingatia ni kwamba saikomyu ya mwanzo inafanya zaidi kazi ya kusoma na kupeleka. Kinachorudi kwa rubani si maumivu ya chuma, ni hisia za watu wengine walioko kwenye uwanja wa vita, wakiwemo wale anaowaua.

Turudi sasa kwenye vile vibanio vyeupe, maana ndipo kazi zote tatu zilipowekwa pamoja kwa uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Jina A10 halikubuniwa. Mwaka 1964 watafiti wa Sweden, Annica Dahlström na Kjell Fuxe, waliyaorodhesha makundi ya seli za ubongo wa panya zinazotengeneza kemikali za jamii ya dopamini, wakayapa alama kuanzia A1 na kuendelea. Kundi la A10 liko ndani kabisa ya ubongo wa kati, na nyuzi zake huenda kwenye sehemu zinazohusika na hamu, raha na msukumo wa kutenda. Jirani yake, A9, ndilo kundi ambalo seli zake zikifa mtu hupata ugonjwa wa Parkinson, yaani hushindwa kuongoza mwendo wa mwili wake. Mhandisi anayetaka kuendesha mkono wa roboti angelitazama gamba la ubongo linaloamuru misuli, au angalau angelifikiria A9. Waandishi wa Evangelion walichagua kundi la kutaka. Kwa mtazamo wa uhandisi chaguo hilo ni baya, na kwa hakika hakuna kibanio cha nywele kinachoweza kulifikia eneo lililofukiwa chini kiasi hicho bila kutoboa fuvu. Kwa mtazamo wa hadithi chaguo hilo linaeleza kila kitu kinachofuata, kwa sababu mashine iliyofungwa kwenye hamu ya mtu haitatembea kwa ustadi wake. Itatembea kwa kiasi anachotaka kuwa pale. Shinji, ambaye hataki kuwa pale, na Asuka, rubani mwenzake anayetaka mno kuonekana yuko pale, wanapewa matokeo tofauti na kifaa kilekile. Asuka hata shuleni huvaa vibanio vyake vyekundu kama pambo la nywele, na sidhani kama kuna mavazi mengine katika mfululizo huo yanayomfichua mhusika waziwazi namna hiyo.

Kuhusu lugha, sehemu ya 8 ina tukio ambalo wengi hulikumbuka kama kichekesho. Asuka, aliyelelewa Ujerumani, anampakia Shinji ndani ya mashine yake na kuiwasha kwa Kijerumani. Mashine inakataa, kwa kuwa fikra za Shinji zinaleta kelele ndani ya mfumo. Asuka anamwamuru afikiri kwa Kijerumani, na Shinji, akijitahidi, anatamka jina la keki ya Kijerumani. Asuka anakata tamaa na kubadilisha mpangilio kuwa Kijapani. Kichekesho hicho kinabeba taarifa muhimu: kifaa hakingojei mtu aseme "sogea mbele". Kinachukua mkondo wote wa mawazo, pamoja na lugha yake, na mkondo wa pili ukiingia ndani ya chumba kilekile unakuwa uchafu. Hali hiyo ilishaonekana katika sehemu ya 3, pale wanafunzi wawili wanapookolewa na kuingizwa kwenye chumba cha Shinji, na mafundi wakatangaza hitilafu katika neva za mashine ingawa vijana hao hawakuvaa vibanio vyovyote. Maana yake ni kwamba vibanio havifanyi kazi peke yao. Kimiminika kinachojaza chumba hicho, kiitwacho LCL, nacho ni sehemu ya kiungo.

Kazi ya pili, ya kurudisha hisia, ndiyo inayowachanganya watazamaji zaidi. Katika pambano la kwanza adui anaushika mkono wa kushoto wa mashine na kuuvunja, naye Shinji anajishika mkono wake akigugumia kwa maumivu. Kamanda wake, Misato, anamwambia atulie, kwani mkono uliokamatwa si wake. Kauli hiyo ni ya kweli na haimsaidii chochote. Wengi huuliza kwa nini wahandisi hawakuliondoa tatizo hilo kwa kufunga njia ya kurudi na kuiacha ya kwenda tu. Jibu limo ndani ya matukio yenyewe. Katika sehemu ya 18, Shinji anapokabwa koo na mashine iliyotekwa na adui, naibu kamanda anataka kiwango cha ulinganifu kishushwe hadi asilimia 60 ili kumnusuru, yaani fundo linalomfunga na mashine lilegezwe. Lakini fundo hilo likilegea, maumivu hupungua na uwezo wa kuongoza hupungua pamoja nayo. Katika sehemu ya 19 Misato anaamuru neva zote za Asuka zikatwe haraka, na hilo linafanyika muda mfupi kabla kichwa cha mashine yake hakijakatwa. Asuka anabaki salama ndani ya mashine isiyoweza tena kufanya chochote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kukubali kuumia. Anayetaka mkono wa chuma umtii kama mkono wake hana budi kuusikia kama mkono wake.

Kazi ya tatu, ya kupima, imezaa namba maarufu kuliko zote katika aina hii ya hadithi. Kiwango cha ulinganifu huandikwa kwa asilimia, na kwa sababu hiyo mtazamaji hudhani ni alama za mtihani: kadiri zinavyopanda ndivyo rubani anavyokuwa hodari. Sivyo. Namba hiyo haipimi ustadi, inapima ukaribu. Ndiyo maana Shinji asiye na mafunzo anaanza na zaidi ya asilimia 41, na Asuka aliyefundishwa tangu utotoni anaiona namba yake ikiporomoka pale anapovunjika moyo, mpaka mashine isiweze kuamka kabisa. Na ndiyo maana pia, mwishoni mwa sehemu ya 19, namba inapofika asilimia 400, hapatokei shujaa bali ajali: mwili wa Shinji unayeyuka ndani ya LCL, kwa kuwa mpaka kati ya mtu na mashine umefutika. Wapo wanaosisitiza kwamba Evangelion si roboti, kwamba chini ya deraya mna mwili hai wenye roho ndani yake, na katika mashine ya Shinji roho hiyo ni ya mama yake. Wako sahihi, na ukweli huo unaifanya namba ieleweke zaidi: kinachopimwa ni jinsi watu wawili wanavyokaribiana, na hakuna mtu anayeweza kuongeza ukaribu huo kwa kufanya mazoezi ya kulenga shabaha.

Anime nyingine zilikihamisha kiungo cha rubani na mashine kutoka kichwani. Katika filamu ya Gundam ya mwaka 1988, Char's Counterattack, teknolojia ya saikomyu inasagwa kuwa vijisehemu vidogo mno vilivyochanganywa katika chuma cha fremu inayozunguka kiti cha rubani, hivyo hakuna cha kuvaa. Mtu ameketi ndani ya kofia yake. Macross Plus, iliyotoka kuanzia mwaka 1994 chini ya uongozi wa Shoji Kawamori, inalikabili tatizo la nia kwa uwazi kuliko zote, na kama ningeulizwa ni kazi ipi mtu aanze nayo ili alielewe somo hili, ningeitaja hiyo kabla ya Evangelion. Marubani wawili mahasimu wanajaribu ndege mbili za kivita zinazojigeuza kuwa roboti. Isamu Dyson anairusha ya kwake kwa mikono. Guld Bowman anairusha YF-21 kwa ubongo, naye ni mtu mwenye hasira ya miaka mingi na kumbukumbu aliyoizika. Hasira na kumbukumbu hizo zinapomvaa angani, ndege inayumba naye. Mikono ya Isamu inamlinda dhidi ya kichwa chake mwenyewe: kati ya kukasirika na kubonyeza kuna nafasi ya kujizuia, hata kama ni ya sehemu ya sekunde, na Guld ameiuza nafasi hiyo kwa bei ya kasi.

Mwaka 2015, Mobile Suit Gundam: Iron-Blooded Orphans ilikishusha kiungo hadi kwenye uti wa mgongo. Mfumo wake, ulioitwa kwa jina la Kibuddha la Alaya-Vijnana, ni kipandikizi kinachowekwa kwa upasuaji na kinachokubaliwa na miili ya watoto tu, jambo linaloeleza bila mahubiri kwa nini jeshi la hadithi hiyo ni la watoto maskini. Mikazuki, rubani mkuu, amefanyiwa upasuaji huo mara tatu. Baada ya kuivuka mipaka ya mfumo vitani, mkono wake wa kulia na jicho lake la kulia vinaacha kufanya kazi, isipokuwa pale anapounganishwa tena na mashine yake. Hapa kazi ya pili imegeuzwa chini juu: mashine haimrudishii maumivu, inamrudishia mwili wake, na inapozimwa inauchukua.

Je, katika haya yote kuna kitu kinachokaribia ukweli wa maabara? Kiko, na kinasaidia kuona waandishi walibahatisha wapi. Hans Berger wa Ujerumani alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa mwaka 1924 na kuyachapisha mwaka 1929, na mpaka leo kikwazo cha njia hiyo ni kilekile: fuvu na ngozi huyafifisha na kuyachanganya mawimbi. Japani yenyewe ilijaribu kofia halisi. Mwaka 2006 kampuni ya Honda na taasisi ya ATR zilionyesha mkono wa roboti ukiiga maumbo ya jiwe, karatasi na mkasi kwa kusoma ubongo wa mtu aliyelala ndani ya mashine kubwa ya kupiga picha za sumaku. Ulipatia kwa asilimia 85, ukichelewa takriban sekunde 7. Mwaka 2009 wao pamoja na kampuni ya Shimadzu walionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichounganisha vipimo vya umeme na vya mtiririko wa damu. Mtu aliwaza mojawapo ya vitu vinne, yaani mkono wa kulia, mkono wa kushoto, miguu au ulimi, na roboti ASIMO ikafanya tendo linalolingana na wazo hilo, kwa usahihi wa asilimia 90.6. Mawazo manne, tena baada ya kusubiri: rubani wa namna hiyo angekuwa marehemu kabla hajainua ngao. Miaka michache baadaye teknolojia ya aina hiyo iliuzwa nchini humo kama masikio ya paka ya kuvaa kichwani yanayosimama au kulala kulingana na mawimbi ya ubongo, matumizi ambayo, nakiri, yalinifurahisha kuliko ile roboti.

Mafanikio makubwa zaidi yamepatikana pale fuvu lilipofunguliwa. Kuanzia mwaka 2004, mradi wa BrainGate nchini Marekani ulipandikiza chipu yenye elektrodi 96 kwenye gamba la ubongo linaloongoza mwendo la mtu aliyepooza, naye akaweza kusogeza kishale cha kompyuta na kufungua na kufunga mkono wa bandia. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mwanamke aliyepooza, mwenye vipandikizi vya namna hiyo, alikuwa ameirusha ndege ya kivita ya F-35 katika kiigizo cha kompyuta, bila kufikiria kushika usukani: aliifikiria ndege yenyewe. Na katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walimrudishia mtumiaji wa mkono wa roboti hisia ya mguso kwa kuuchochea ubongo wake kwa umeme. Muda wa kukamilisha majaribio ulishuka kutoka takriban sekunde 21 hadi takriban 10. Njia ya kurudi, ile ambayo watazamaji huiona kama ukatili usio na sababu, ndiyo iliyoupunguza muda kwa nusu. Waandishi wa mwaka 1995 hawakuwa na kipimo hicho, lakini waliiandika njia ya pande mbili kana kwamba hakuna njia nyingine.

Lile tatizo la Guld nalo limefika maabara. Vifaa vinavyosoma maneno kutoka kwenye ubongo wa watu waliopoteza uwezo wa kusema hutegemea kwa kawaida jaribio la mtu la kutamka, yaani juhudi ya misuli hata kama misuli haiitiki. Juhudi hiyo ndiyo inayotenganisha anachotaka kusema na anachokiwaza tu, lakini huwachosha wagonjwa. Mwaka 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Stanford ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maneno yanayosemwa moyoni, bila juhudi yoyote ya kutamka, yanaweza pia kusomwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye eneo lilelile la ubongo, na kwamba wakati mwingine kifaa kilidaka mawazo ambayo mhusika hakuagizwa kuyatoa. Watafiti hao hawakuishia kwenye onyo. Walitengeneza kifuli: mfumo haufasiri kitu chochote cha moyoni mpaka mtumiaji awaze fungu maalumu la maneno, lililochaguliwa kwa kuwa si rahisi limpitie mtu akilini kwa bahati mbaya, na katika majaribio yao fungu hilo lilitambuliwa kwa zaidi ya asilimia 98.